Nimehamia kompyuta mpya, mazingira pepe ya Python hayawaki: kila dirisha linatoa kosa lake

mfasiri_mkesha

Wakuu, habari za kazi. Naombeni mnivumilie kwa urefu, maana nimeshaona swali fupi hapa linajibiwa kwa "weka ujumbe wote wa kosa".

Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mfasiri, kazi yangu ni maneno. Miaka miwili iliyopita niliandika kiprogramu cha Python kinachosoma orodha ya istilahi kwenye faili la Excel, kisha kinapita kwenye tafsiri yangu na kunionyesha mahali ambapo neno moja nimelitafsiri kwa namna mbili. Kimeniokoa na aibu mara nyingi. Aliyenisaidia kukianzisha aliniambia "tengeneza mazingira pepe, usiulize kwa nini", nami sikuuliza. Tangu hapo nafungua terminali, nabandika mstari mmoja kutoka kwenye daftari langu, jina la mazingira linatokea kwenye mabano mwanzoni mwa mstari, naendelea na kazi.

Mradi ulikaa D:\kazi\istilahi kwenye kompyuta ya zamani. Mpya ina diski C tu, kwa hiyo nilinakili folda nzima kwenye flashi nikaiweka C:\Kazi Zangu\istilahi. Zote mbili ni Windows. Python ya zamani ilikuwa 3.9, kwenye mpya nimesakinisha 3.12.

Nilianza na terminali ya Git Bash, ndiyo niliyoizoea:

```
cd C:/Kazi Zangu/istilahi
bash: cd: too many arguments
```

Hilo nililimaliza mwenyewe, ni ile nafasi katikati ya jina. Nikaweka alama za kunukuu, nikaingia. Nikaandika mstari wa daftarini:

```
source venv\Scripts\activate
bash: venvScriptsactivate: No such file or directory
```

Tazameni ilivyoyaunganisha maneno! Nikadhani kibodi mpya ina matatizo. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta wengi wanaandika hivi:

```
source venv/bin/activate
bash: venv/bin/activate: No such file or directory
```

Nikafunga, nikafungua PowerShell:

```
venv\Scripts\activate
The module 'venv' could not be loaded.
```

Moduli gani tena jamani? Mwisho nikaenda kwenye cmd, ile nyeusi, nikaingia kwenye folda ya mradi, na huko ikawaka! Jina likatokea kwenye mabano. Nikashangilia mapema:

```
python kagua.py
ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl'
```

openpyxl, kile kifurushi kinachosoma Excel, nimeitumia miaka miwili. Nikifungua folda ya venv naiona kwa macho yangu, imo ndani ya Lib\site-packages. Kitu kipo, kompyuta inasema hakipo. Nina kazi ya kukabidhi keshokutwa. Nakosea wapi? Na tafadhali msinipe cha kubandika tu. Nimechoka kubandika nisichokielewa.

haraka_haraka

Futa venv, tengeneza upya, sakinisha openpyxl. Dakika tano. Mazingira pepe, yaani hiyo folda ya venv yenye vifurushi vya mradi mmoja, hayahamishwi.

kobe_wa_terminali

Mkuu hapo juu kasema kweli, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Ila ndugu mfasiri kaomba kuelewa, basi ngoja nikae kitako.

Karibu makosa yako yote yanatamka neno lilelile, kwamba kitu hakipo. Ukisoma hivyo tu utazunguka usiku kucha, kwa sababu unajua kipo. Kila unapouona ujumbe wa namna hiyo jiulize: amekitafuta wapi? Mara nyingi ujumbe wenyewe unakutajia mahali hapo.

Tuanze na Git Bash. Alikwambia hakuona `venvScriptsactivate`. Hilo ndilo jina alilolitafuta, herufi kwa herufi, na kwa haki kabisa hakulikuta. Mshazari wa kinyume, huu `\`, kwa bash hautenganishi folda. Maana yake ni "herufi inayofuata ichukue kama ilivyo". Bash ikaona `\S`, ikala mshazari, ikabaki na S. Ikaona `\a`, vivyo hivyo. Kibodi yako nzima kabisa. Mkanganyiko huu ni wa siku nyingi: Unix ilikuwa ikitenganisha folda kwa `/`, lakini DOS ilikuwa imeshautumia mshazari huo kwa nyongeza zinazofuata amri, na folda zilipoingia kwenye MS-DOS 2.0 mwaka 1983 ikabidi wachukue ule wa kinyume. Sisi tunalipa mpaka leo.

Mstari wa pili, ule wa mtandaoni, uliandikwa na watu wa Linux na Mac. Kwao Python inaweka skripti za kuwashia kwenye folda inayoitwa `bin`. Kwenye Windows inaziweka kwenye `Scripts`. Git Bash ni kama popo, unataka kumwita ndege lakini ana meno: terminali inazungumza lugha ya Unix, Python iliyotengeneza mazingira ni ya Windows. Kwa hiyo unachanganya, mshazari wa wale na folda ya hawa:

```
source venv/Scripts/activate
```

PowerShell sasa. Nahisi ulipofunga Git Bash ukafungua dirisha jipya, hukuingia tena kwenye folda ya mradi. Kila dirisha jipya huanzia kwenye folda yake, kwa kawaida ile ya mtumiaji, halijui la jirani. PowerShell ikipewa kitu chenye umbo la `neno\neno` na isione faili la njia hiyo, inajaribu tafsiri nyingine: labda neno la kwanza ni jina la moduli. Ndiyo maana ikaanza kulalamikia moduli usiyoijua. Wewe ni mfasiri, unajua mambo haya: akikosa maana ya kwanza anadandia ya pili. Andika `pwd` kwanza, uone umesimama wapi. Ungekuwa kwenye folda sahihi ungekutana na kizuizi kingine, kwamba skripti zimezuiwa kwenye mfumo:

```
running scripts is disabled on this system
```

Hiyo haihusu njia, ni sera ya usalama. Inaondolewa hivi, mara moja tu:

```
Set-ExecutionPolicy -ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser
```

Inamruhusu mtumiaji wako peke yake kuendesha skripti zilizotengenezwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na zinazotoka mtandaoni lazima ziwe na saini. Utakuta watu wanashauri `Unrestricted` kwa kompyuta nzima. Wapuuze.

Nimeiacha cmd mwisho kwa sababu ndiyo iliyokudanganya, na kosa linalokaa kimya ndilo ninaloliogopa. Fungua faili `venv\Scripts\activate.bat` kwa Notepad. Utakuta mstari unaofanana na huu:

```
set VIRTUAL_ENV=D:\kazi\istilahi\venv
```

Hiyo ndiyo anwani ya nyumba uliyohama. Iliandikwa siku mazingira yalipozaliwa na haijawahi kubadilika. Sasa elewa "kuwasha" ni nini, maana jina ni kubwa kuliko kazi. Kompyuta ina orodha ya folda inayoitwa PATH. Ukiandika `python`, inapita kwenye orodha hiyo toka juu, ya kwanza kuikuta ndiyo inayotumika. Kuwasha ni kuiweka folda ya Scripts ya mazingira yako juu kabisa ya orodha hiyo, kubandika jina kwenye mabano, na kukumbuka hali ya zamani ili `deactivate` iirudishe. Basi. Hakuna kingine kinachowaka.

cmd ikaweka `D:\kazi\istilahi\venv\Scripts` juu ya orodha. Folda hiyo haipo, wala diski D haipo. Je, itapiga kelele? Hapana. Folda isiyokuwapo kwenye PATH inarukwa kimyakimya. Ikashuka chini, ikakuta Python 3.12 uliyosakinisha juzi, ambayo haijawahi kuiona openpyxl. Mabano uliyoyashangilia ni maandishi tu, hayathibitishi kitu. Ushahidi uko hapa:

```
where python
```

Mstari wa kwanza wa jibu ndiyo Python inayotumika kweli. Kwenye PowerShell andika `where.exe python`, na hiyo `.exe` usiiache, kwa sababu `where` peke yake kule ni amri nyingine. Kwenye bash ni `which python`. Mimi siwashi mazingira bila kuuliza hivyo, hata leo.

Ungefaulu kuwasha kwa PowerShell ungekutana na kosa tofauti kabisa, na ungedhani ni ugonjwa mwingine. Skripti ya `Activate.ps1`, kuanzia Python 3.8, haina anwani iliyogandishwa, inajitafutia ilipo. Kwa hiyo ingeipata folda yako mpya vizuri, halafu ukiita `python` ungeambiwa:

```
No Python at 'C:\Python39\python.exe'
```

au popote Python ya zamani ilipokuwa. Mazingira pepe hayabebi Python nzima. Yana faili dogo, `pyvenv.cfg`, lenye mstari wa `home` unaosema Python mama inaishi wapi. Mama hakuhama nawe. Na ukiita `pip`, kisakinishi cha vifurushi, ungepata "Fatal error in launcher" ikitaja D:\kazi\istilahi\venv\Scripts\python.exe, kwa kuwa ndani ya `pip.exe` yenyewe imechomekwa njia kamili ya siku ile.

Kwa hiyo anwani za zamani, yako na ya Python mama, zimeandikwa mahali patatu: kwenye skripti za kuwashia za cmd na bash, kwenye pyvenv.cfg, na ndani ya vile vi-exe vya Scripts. Najua unachowaza, kwamba ukazirekebishe kwa mkono. Mimi niliwahi. Nilikuwa na folda ya `majaribio`, nikaibadilisha jina ikawa `mradi`. Wiki chache baadaye nikatengeneza `majaribio` nyingine kwa kazi nyingine, nayo nikaipa venv yake. Nikawa nawasha mazingira ya `mradi`, nasakinisha vifurushi, vinakubali vyote, kisha nikiendesha programu kwa njia kamili ya Python ya `mradi` inasema havipo. Nilisakinisha kifurushi kimoja mara nne. Skripti ya `mradi` bado ilikuwa inaelekeza `majaribio`, na safari hii folda hiyo ilikuwapo! Kila kitu kilikuwa kinaingia nyumba ya jirani. Nikairekebisha skripti, nikaisahau pip, nikarudi palepale. Tangu siku hiyo sigusi.

Hata maelezo rasmi ya moduli ya venv, iliyoingia kwenye Python 3.3 mwaka 2012, yanasema mazingira haya si ya kuhamisha wala kunakili, yanatengenezwa upya kule unakohamia. Unachobeba ni orodha ya vilivyomo. Wewe hukuiandika, lakini hujachelewa, mradi tu usifute venv kwanza. Fungua cmd mpya kabisa isiyo na mabano, ingia kwenye folda ya mradi, uandike:

```
python -m pip freeze --path venv\Lib\site-packages > mahitaji.txt
```

Hiyo inamtumia pip wa Python mpya kusoma folda ya zamani bila kuiwasha. Mazingira yako yamekufa lakini wosia wao unasomeka. Fungua mahitaji.txt uone kama openpyxl imo na namba yake ya toleo. Ikiwa imo:

```
ren venv venv_ya_zamani
python -m venv .venv
.venv\Scripts\activate
where python
python -m pip install -r mahitaji.txt
```

Naandika `python -m pip` badala ya `pip` tupu makusudi. Namna hiyo pip anayefanya kazi ni wa Python ileile uliyoithibitisha kwa `where`, hakuna ubishi. Kama kifurushi fulani kitakataa kwa sababu toleo lake la zamani halikutengenezwa kwa ajili ya 3.12, futa `==` na namba iliyofuata, jaribu tena. Na usivinakili tu kutoka folda moja kwenda nyingine. openpyxl pengine ingekubali, ila vyenye sehemu zilizokusanywa kwa ajili ya 3.9 havitakubali.

La mwisho, ile nafasi kwenye "Kazi Zangu". Haivunji kitu yenyewe, lakini itakusumbua kila mara utakaposahau alama za kunukuu, na kwenye PowerShell hata ukiziweka kwa njia kamili ya skripti lazima utangulize `&`, la sivyo inakurudishia maandishi yako kama yalivyo. Ukitaka kubadilisha jina la folda hiyo, fanya kabla ya kutengeneza .venv.

mfasiri_mkesha

Kobe, Mungu akupe afya. Nimeisoma mara mbili. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza nilikuwa nasoma huku natenda, aya kwa aya.

Unajua nilichofanya. Nimehifadhi orodha, ikatoka hivi:

```
et-xmlfile==1.1.0
openpyxl==3.0.10
```

Vitu viwili tu! Nikatengeneza .venv, nikawasha, nikasakinisha, vyote vikaingia. Ndipo nikafika aya ya mwisho, nikasema naam, hii nafasi imenichosha, nikafunga terminali nikabadilisha "Kazi Zangu" ikawa "kazi". Neno "kabla" nikaliona baadaye.

Ila safari hii sikuja kulia hapa kwanza. Niliwasha kwenye cmd, mabano yakaja, nikakumbuka hayathibitishi kitu. Nikaandika `where python`, jibu la kwanza likawa ile 3.12 ya kompyuta nzima, .venv haipo hata kwenye mistari. Nikafungua activate.bat, nikaikuta "Kazi Zangu" imekaa humo. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku.

Nikafuta .venv, nikatengeneza upya. Orodha ninayo, haikuchukua hata dakika mbili. Sasa `where python` inanipa mistari mitatu: ya kwanza ni C:\kazi\istilahi\.venv\Scripts\python.exe, ya pili ile ya kompyuta nzima, ya tatu inaishia WindowsApps\python.exe. Hiyo ya tatu sijaisakinisha mimi. Niogope?

kobe_wa_terminali

Usiogope. Ya kwanza ndiyo inayohesabika. Ya WindowsApps si Python, ni kibao cha kuelekeza tu: mtu asiyekuwa na Python akiandika `python`, kinampeleka dukani kwa Microsoft. Ikija kuwa ya kwanza kwenye orodha siku moja, ndipo utaona ujumbe kwamba Python haikupatikana ilhali unayo. Inazimwa kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, penye majina mbadala ya kuendeshea.

Na ulivyoligundua kosa mwenyewe umenifurahisha kuliko ungefuata maelekezo sawasawa.

bahari_ya_bash

Naomba nidandie uzi. Mimi niko Ubuntu, yaani Linux, na napata kosa la ndugu yetu, `.venv/bin/activate: No such file or directory`, lakini sijahamisha kitu. Nimetengeneza mazingira sasa hivi, nimesimama kwenye folda sahihi, `ls` haionyeshi .venv lakini `ls -a` inaionyesha. Ndani yake kuna bin, na ndani ya bin kuna python. activate hakuna. Awali nilikuwa nayo kwenye mradi mwingine, ila kule nako nilikuwa napata "Permission denied", nikatumia chmod kulipa faili ruhusa, ikaacha kulalamika, lakini haifanyi chochote.

kobe_wa_terminali

Mambo mawili tofauti hayo.

La kwanza: rudi juu ya terminali uangalie ulipoandika `python3 -m venv .venv`. Nina hakika kuna ujumbe uliupita, unaotaja ensurepip, kipande kinachoweka pip ndani ya mazingira, kwamba haipatikani. Debian na Ubuntu huigawa Python vipande, na kipande cha venv kinasakinishwa peke yake:

```
sudo apt install python3-venv
```

Bila hicho, utengenezaji unaanza, unaunda folda, unakwama njiani kabla ya kuandika activate. Unabaki na nyumba yenye kuta bila mlango. Ukishasakinisha, futa hiyo .venv ya nusunusu uanze upya.

La pili ni zuri zaidi. Uliandika `.venv/bin/activate` bila `source` mbele, sivyo? Faili hilo halina ruhusa ya kuendeshwa, na waliliacha hivyo makusudi, ndiyo maana ukakataliwa. Ulipotumia chmod ukamnyamazisha mlinzi. Sasa linaendeshwa, ila kwenye shell (programu inayosoma amri zako) ndogo iliyozaliwa kwa ajili yake: inabadilisha PATH yake yenyewe, inamaliza, inakufa, na mabadiliko yanakufa nayo. Dirisha lako halikuguswa. `source` ni kuiambia shell yako isome mistari ile ndani yake yenyewe. Nukta tupu nayo hufanya kazi hiyohiyo:

```
. .venv/bin/activate
```

Angalia nafasi kati ya nukta ya kwanza na ya pili. Na kama shell yako ni fish, faili ni `activate.fish`, hilo la kawaida litakutolea makosa ya kisarufi.

bahari_ya_bash

Ni kweli, ujumbe wa ensurepip ulikuwapo, mistari kumi juu. Imekubali. Ila mtu mwingine aliniambia chmod 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu…

kobe_wa_terminali

Huyo usimrudie.

haraka_haraka

Mimi nauliza, kwa nini tunahangaika kuwasha? Siku hizi siwashi kabisa. `.venv\Scripts\python kagua.py` na kazi imekwisha.

kobe_wa_terminali

Leo umenena, na hapo tunakubaliana. Python ya ndani ya mazingira ukiiita kwa njia yake inajua yenyewe vifurushi vyake viko wapi, haihitaji mabano wala sera ya PowerShell. Kuwasha ni kupunguza kuandika tu. Kwa mtu kama mfasiri, mwenye programu moja anayoiendesha kila siku, ningeweka faili `kagua.bat` ndani ya folda ya mradi lenye mstari huu:

```
"%~dp0.venv\Scripts\python.exe" "%~dp0kagua.py" %*
```

`%~dp0` ni folda ambamo faili hilo la bat limo, popote litakapokuwa, na tayari inaishia na mshazari, usiongeze mwingine. `%*` inapitisha chochote ulichoandika baada ya jina. Alama za kunukuu ziko humo kwa ajili ya siku utakayorudia kuweka nafasi kwenye majina.

Mazingira bado utayatengeneza upya ukihama. Ila daftari halitakuwa na njia yoyote ya kuchakaa.

mfasiri_mkesha

Nimeliweka. Kwenye daftari nimekata ule mstari wa zamani kwa kalamu nyekundu, nimeandika `where python` na jina la mahitaji.txt, basi.

Na programu imefanya kazi. Tafsiri ninayokabidhi kesho ni mwongozo wa programu fulani, kurasa 60. Nimekuta humo "saraka" mara 14 na "folda" mara 9, kwa neno lilelile. Narudi kazini.